Bei ya jirani: mwanamke mmoja, nyimbo 11 na gari la kurudi nyumbani

Tiketi ya kawaida ya mchezo huu wa nyimbo wa mwigizaji mmoja, unaochezwa Lubumbashi, Kongo, ni franga 15,000. Alhamisi, usiku wa bei ya jirani, ni franga 5,000 kwa mtu mzima na 2,000 kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka 12. Sharti ni kadi ya mpiga kura inayoonyesha kwamba unakaa katika komini (sehemu ya mji yenye utawala wake) ya ukumbi au komini inayopakana nayo. Kwa pesa hiyo unaona mchezo mzima: nyimbo 11, dakika 85 bila mapumziko, mwigizaji yule yule wa Ijumaa na Jumamosi, mpiga karindula (banjo kubwa ya kwetu) yule yule, taa zile zile 12. Jukwaani hakuna kilichopunguzwa. Ni vizuri kulisema mapema, maana Lubumbashi bei ikishuka mtu huuliza kwanza ni nini kimetolewa ndani.

Kilichopunguzwa kipo nje ya jukwaa: mlangoni, kwenye saa, na kwenye sono, yaani mitambo ya sauti. Usiku wa bei ya jirani unajaza watu wengi kuliko usiku wa bei kamili, tena watu wanaojibu, wanaocheka hadi kiti kinalia, wanaoimba kiitikio kabla hawajaombwa. Lakini umeandaliwa kana kwamba ni Jumamosi iliyobandikwa bei nyingine. Hapo ndipo unapovuja, na mahali penyewe panaonekana kwa jicho.

Mchezo kwanza. Katika hizo dakika 85 mwanamke mmoja anakuwa watu saba. Mwenye hadithi ni mama anayeuza chikanda, ile keki ya mizizi ya okidi na karanga, katika komini ya Kenya (Kenya hapa ni komini ya Lubumbashi, ndugu zetu wa Nairobi wasije wakatafuta pasipoti). Wengine ni mume wake ambaye ni fundi wa Gécamines (kampuni ya migodi ya serikali), mama mkwe, kapita (msimamizi wa kazi), karani wa ofisi, binti yao, na dereva wa basi. Kiini cha hadithi ni mwaka 2003, ulipoanza ule mpango wa kuondoka kazini kwa hiari uliogharamiwa kwa fedha za Benki ya Dunia, ambapo wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi baada ya kukaa miezi mingi bila mshahara. Mume anasaini, anapewa bahasha, ananunua basi dogo kuukuu, basi linafia kwenye barabara ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia, na mama anabaki na beseni lake la chikanda. Mwandishi hamhukumu mume. Anamwachia mama mkwe kazi hiyo, na mama mkwe anaifanya barabara.

Vifaa vya jukwaani ni vichache: mkeka, kinu na mchi, mtungi wa maji, beseni, kofia moja ya mgodi, kikwembe (kitenge) kimoja. Kikwembe hicho kinafanya kazi ya sanduku zima la nguo. Kikifungwa kifuani, ni mama. Kikitupwa bega la kushoto na mgongo ukainama, ni mama mkwe. Kikikunjwa mara nne na kubanwa kwapani, ni faili la karani. Kikiviringishwa na kupakatwa, ni mtoto mchanga. Badiliko moja linachukua sekunde nne hadi sita, mbele ya macho ya watu, mdomo ukiwa bado unaimba. Kuna mahali katika wimbo wa 4 ambapo neno la mwisho la mama mkwe linatoka kikwembe kikiwa begani, na neno la kwanza la mama linatoka fundo likiwa limeshakazwa kifuani, na pumzi ni moja. Ukikaa safu ya nne unaona namna anavyofanya: kidole gumba cha kulia kinaingia chini ya pindo kabla neno halijaisha, kisha mkono wa kushoto unavuta, na kichwa kinanyanyuka mwisho kabisa. Kichwa kingenyanyuka kwanza tungemwona mwigizaji akijifunga nguo. Kwa kuwa kinanyanyuka mwisho, tunamwona mama.

Mtungi nao umewekwa kwa akili. Maigizo ya mtu mmoja huua koo, na wengi huficha chupa ya plastiki nyuma ya pazia, wakikimbilia huko kila baada ya wimbo. Hapa mama anakunywa maji mtungini kwa sababu ni mama aliyechoka kutwanga. Anakunywa mara tano, na kila mara mtu mwingine wa hadithi anakatishwa maneno na kunywa huko. Mwezi wa 7 mjini kwetu ni kiangazi, vumbi jekundu na baridi kali ya usiku, na hewa kavu hukausha sauti haraka kuliko kuimba kwenyewe. Bila mtungi huo asingefika wimbo wa 8.

Hata hivyo wimbo wa 9 anaufikia kwa shida, na kosa si lake. Nyimbo za 7, 8 na 9 zote ziko juu na zote ni za nguvu, zimefuatana bila dakika hata mbili za maneno matupu katikati. Mtunzi wa mchezo wa watu wanne anaweza kufanya hivyo kwa sababu kila mmoja anaimba wake. Mwimbaji akiwa mmoja, wimbo mzito unataka kufuatwa na mazungumzo, au na wimbo mwepesi wa chini, ili koo lilegee. Kuna maongezi matamu ya karani yamewekwa baada ya wimbo wa 10. Yakihamishwa yakae baada ya wa 8, hadithi haiharibiki na wimbo wa 9, ambao ndio wa bahasha ya pesa, utaimbwa kwa sauti nzima. Alhamisi ulikwaruza kwenye noti mbili za juu. Na baada ya Alhamisi kuna Ijumaa, na Jumamosi.

Mume ndiye dhaifu kati ya wale saba. Anaimbwa chini mno. Sauti ya mwigizaji ikishuka namna ile inabaki pumzi, na pumzi hufunikwa na besi ya muziki unaotoka kwenye kompyuta. Wimbo ungepandishwa noti tatu, uanaume wake ukaonekana kwenye mabega na mwendo, ambavyo tayari vipo na vinatosha. Tena mume anavaa kofia ya mgodi, na ukingo wa kofia unagonga waya wa mikrofoni ya shavuni: tok, tok, kila anapogeuka kushoto. Fundi wa sono aliisikia, akashusha sauti, na mume akazidi kupotea. Dawa yake ni msumeno mdogo: kata ukingo wa kofia upande huo kiasi cha vidole viwili. Hadhira haitaona, sikio litashukuru.

Jambo moja dogo la historia, kwa kuwa mchezo wenyewe unajivunia kuwa wa kweli. Wimbo wa 2 unamweka baba mkwe akipokea posho ya unga "ya Gécamines" mwaka 1965. Mwaka huo ilikuwa bado Union Minière, kampuni ya Kibelgiji iliyoitangulia. Serikali iliitaifisha siku ya kwanza ya 1967, na hata hapo jina la kwanza halikuwa Gécamines. Wazee waliokaa mbele walinong'ona. Neno "Yunio Minye", kama mjini wanavyolitamka, lina silabi za kutosha kuingia mahali pale pale bila kugusa muziki.

Sasa sono, maana ndiko usiku wa bei ya jirani unakofaulu na kufeli.

Nyimbo nne zinapigwa na karindula jukwaani, saba zinatoka kwenye kompyuta. Asiyeijua karindula: ni kama banjo kubwa mno, tumbo lake ni pipa au bidoni (dumu) iliyowambwa ngozi ya mbuzi, ina nyuzi nne, na mpigaji anaishindilia kwa nguvu ya bega. Sauti yake ni nzito na ina mvumo. Imewekwa kona ya kushoto, mikrofoni ikitazama ngozi kwa umbali wa kiganja kimoja, na hiyo ni sawa. Ikisogezwa zaidi ngozi inaanza kuitikia bafle (spika) na ukumbi mzima unanguruma.

Tofauti kati ya zile nyimbo nne na zile saba haiko kwenye utamu. Iko kwenye kungoja. Watu wa Lubumbashi walizoea mchezo wa Kiswahili kupitia makundi kama lile la Mufwankolo, lililojulikana redioni na kwenye televisheni, ambalo waigizaji wake walikubaliana mkondo wa hadithi kisha wakajenga maneno papo hapo. Hadhira iliyolelewa hivyo haikai kimya. Mama mkwe akiuliza, "Sasa huyu ni mwanamke wa namna gani?", safu ya tatu inamjibu. Mpiga karindula anajua hilo: anazungusha mstari ule ule mara mbili, mara tatu, hadi kicheko kishuke, anamtazama mwigizaji, anapokea ishara ya kidevu, wimbo unaendelea.

Kompyuta haijui kidevu. Katika wimbo wa 3 kuna mzaha wa mke wa jirani aliyepima unga kwa meka (kopo la kupimia) iliyobonyea. Muziki umeacha sekunde nne baada ya mzaha. Ijumaa, watu wa bei kamili wakicheka kwa kuficha mdomo, sekunde nne zinatosha. Alhamisi kicheko kilichukua sekunde tisa kwa saa ya mkononi, na mistari miwili iliyofuata ikazama yote. Mistari hiyo ndiyo inayosema mume ameshasaini karatasi bila kumwambia mkewe. Asiyeisikia hawezi kuelewa kwa nini mama anavunja mchi katika wimbo wa 6, na ukumbini watu kadhaa waliulizana hivyo hivyo: "Amekasirikia nini?" Kosa la sekunde tano limeharibu kilele kilichoko nusu saa mbele.

Tiba yake ni ya bei rahisi kuliko inavyodhaniwa. Muziki wa kila wimbo ukatwe vipande: utangulizi, ubeti, kiitikio, na baada ya kila mzaha kiwekwe kipande kifupi cha mapigo nane kinachojirudia chenyewe mpaka fundi abonyeze kitufe. Programu nyingi za kuchezesha muziki jukwaani zinafanya hivyo. Fundi anahitaji nakala ya maneno yenye alama ya kalamu nyekundu mahali pa kungoja, na mazoezi mawili ya saa moja moja na mwigizaji. Kwa nyimbo saba, sehemu zenye kicheko hazizidi kumi. Kama fundi hataki, kuna njia ya pili: karindula ipewe nyimbo mbili zaidi, wa 3 na wa 6. Tungechagua hii. Wimbo wa 6 kwa kinanda cha kompyuta unasikika kama tangazo la sabuni.

Kisha ile mikrofoni. Kuanzia dakika ya 40 ilikuwa ikipasuka kila mwigizaji alipoinama kwenye kinu. Wengi walilaumu betri. Haikuwa betri: betri ikiisha sauti hufifia au hukatika moja kwa moja, haipasuki kwa kufuata mgongo. Kisanduku cha kurushia sauti kilikuwa kimefungwa kiunoni nyuma, chini ya fundo la kikwembe. Akiinama, fundo linavuta waya pale unapoingia kwenye kisanduku, akinyooka, unarudi. Kwa mchezo wenye kinu na mkeka, kisanduku kinakaa katikati ya mabega, ndani ya kifuko cha kitambaa kilichoshonwa kwenye sidiria au kwenye fulana ya ndani, waya ukiachwa na kitanzi kimoja cha ziada na kubandikwa plasta kwenye shingo. Kwa jasho, mafundi wa zamani hukivisha kondomu isiyo na mafuta; mtu anaweza kucheka, lakini kisanduku kinabaki kikavu. Kitufe cha kuzima kinafungwa kwa plasta pia. Na betri zibadilishwe kila usiku, mpya, za dukani. Zile za barabarani zinazouzwa nne kwa bei ya moja huwa zimelala juani mwaka mzima.

Umeme ulikatika mara moja, kwenye wimbo wa 5. Hilo hakuna anayelishangaa mjini hapa, na jenereta ilikuwa tayari nyuma ya ukumbi, ikawaka ndani ya dakika moja. Lakini sono ikakaa kimya dakika nne. Sababu ni meza ya sauti ya kisasa: umeme ukiondoka inazimika, ukirudi inaanza kujipanga upya kama simu, kisha fundi anatafuta mpangilio aliouhifadhi, na kama hakuuhifadhi anaanza kupandisha vitufe kimoja kimoja. Onduleri (betri ya akiba) ndogo chini ya meza ya sauti tu, bila taa na bila bafle, ingeibeba meza hiyo kwa dakika zote ambazo jenereta inahitaji.

Mwigizaji hakungoja. Aliendelea kwa mdomo mtupu, na watu wakafanya walichodhani ni wema: wakawasha tochi za simu na kumwelekezea usoni. Jukwaa lina kimo cha sentimita 60 na ukingo wake haukubandikwa utepe mweupe. Mtu aliyepigwa na taa hamsini machoni haoni ukingo. Akasimama, akaweka kiganja juu ya paji, akasema kwa sauti ile ile ya mama mkwe: "Wanangu, mie si mwizi, muangaze kwenye miguu!" Ukumbi ukalipuka kwa kicheko na taa zikashuka. Utepe mweupe, mita sita, ungegharimu chini ya tiketi moja.

Tuje mlangoni. Ukumbi una viti 220. Meza ilikuwa moja, na mtu mmoja alifanya kazi tatu: kusoma anwani kwenye kadi, kupokea pesa, kutafuta chenji. Kazi hizo tatu zinachukua sekunde 40 kwa mtu mwenye pesa kamili. Mlango ulifunguliwa saa 10 na nusu jioni, mchezo ulitangazwa kuanza saa 11 na nusu. Piga hesabu: kwa saa moja wanaingia watu 90. Saa 11 na nusu nusu ya watu ilikuwa bado barabarani, kwa hiyo wakangoja, na mchezo ukaanza saa 12 na dakika 20 huku kama thelathini bado wakiingia, wakisogeza viti juu ya wimbo wa kwanza. Mwendo wa foleni ulijulikana tangu asubuhi. Kilichokosekana ni mtu wa kugawanya.

Meza mbili zingetosha, moja ya kadi na moja ya pesa, na mtu wa kadi akitoa kikaratasi chenye muhuri ili wa pesa asisome chochote. Bora zaidi ni kuuza mapema kwa mkono: mashefu wa avenyu (wakuu wa mitaa), makwaya, kamati za wamama wa sokoni. Hao wanajua nani anakaa wapi kuliko kadi inavyojua, kwani wapangaji wengi wamehama na kadi bado inaonyesha komini ya zamani. Alhamisi familia moja ya watu watano ilirudishwa kwa sababu hiyo, na nyumba yao inaonekana kutoka geti la ukumbi. Bei ya jirani inayomkatalia jirani inafaa kuangaliwa upya.

Kwako unayekwenda: chukua noti ya 5,000, si ya 20,000, maana chenji huisha ndani ya nusu saa ya kwanza. Dola inapokelewa ikiwa safi. Yenye mchaniko hata wa milimita inarudishwa kama kawaida ya mji. Kulipa kwa simu kunawezekana, ila lipa ukiwa nyumbani na uje na ujumbe, kwa sababu pale getini watu mia wakituma kwa pamoja ujumbe wa uthibitisho unachelewa na foleni inasimama nyuma yako, ikikutazama.

Na sasa saa ya kutoka. Mchezo uliisha karibu na saa 2 usiku. Saa hiyo teksi-busi za kwenda komini za Ruashi na Katuba zimepungua, zilizobaki zinajaza polepole, na pikipiki zinajua. Mwendo wa kwenda Ruashi uliombwa franga 6,000 kwa kichwa. Kwa hiyo mama aliyeingia kwa 5,000 alitoka kwa 6,000, na sehemu kubwa ya punguzo ikabaki mfukoni mwa dereva. Waandaaji wa mchezo hawawezi kupanga nauli, lakini wanaweza kupanga saa. Kilio cha watu wa safu za nyuma hakikuwa juu ya sauti wala viti: walianza kuondoka mmoja mmoja, wakati wa wimbo wa 10, wakikosa ule wa 11 ambao ndio mzuri kuliko yote. Huo ni wimbo wa mama peke yake na karindula, akihesabu chikanda zilizobaki kwenye beseni, na hesabu inageuka kuwa majina ya watoto wake. Waliowahi gari hawakuusikia.

Kwa nini basi wasianze saa 9 na nusu alasiri? Jibu lipo ukutani. Ukumbi una madirisha manane yasiyo na pazia, na mwezi wa 7 jua linazama karibu na saa 12. Kabla ya hapo taa za jukwaa hazionekani, na matukio matatu ya giza hayawezekani. Madirisha manane, kila moja mita tatu za kitambaa kizito cheusi, ni mita 24. Kitambaa hicho kinapatikana sokoni kwa jumla, kinashonwa kwa siku moja, kinatundikwa kwa misumari na kamba, na baada ya hapo kinatumika kwa kila mchezo wa mchana mwaka mzima. Wakianza saa 9 na nusu, hata wakichelewa dakika 50, watu wako barabarani saa 12, na nauli ni ya kawaida. Kama kitambaa kimeshindikana, basi wakodi teksi-busi mbili, moja ya kila upande, wazitangaze mlangoni wakati wa kuuza tiketi na wakusanye nauli hapo hapo. Mtu akijua gari lipo, atakaa hadi wimbo wa 11.

Viti. Sakafu ni tambarare, kwa hiyo safu inayofuata inatazama visogo, na vilemba vya wamama siku hiyo vilikuwa vimepambwa kwa bidii. Robo ya mchezo inachezwa chini kwenye mkeka. Kuanzia safu ya saba hutaona chochote cha sehemu hiyo. Kaa safu ya tatu hadi ya sita, upande wa kushoto, karibu na karindula. Upande wa kulia kuna dirisha linalotazama jenereta, na ikiwaka hutasikia maneno ya chini hadi mwisho. Safu mbili za kwanza ziliwekewa karatasi za "wageni" na nusu yake ilibaki tupu mchezo mzima, jambo lisiloeleweka kabisa usiku ambao umeitwa wa majirani.

Watoto wa kuanzia miaka minane wanaufuata vizuri hadi wimbo wa 6. Baada ya hapo kuna mume na lutuku (pombe kali ya kienyeji), matusi mawili, na maongezi marefu, wadogo wanalala. Njoo na jaketi, maana mabati hayazuii baridi ya mwezi huu. Ukija mwezi wa 11 au wa 12, mabati hayo hayo yatakuletea shida nyingine: mvua ikipiga juu yake hakuna mikrofoni itakayoishinda, na mchezo huu kwa ushauri wetu usichezwe humo kuanzia Novemba hadi Machi isipokuwa wamepata dari.

Choo ni kimoja, kipo nje, na hakuna mapumziko; pita huko kabla ya wimbo wa kwanza. Vyakula viko getini: karanga, mayai ya kuchemsha, munkoyo (kinywaji cha mahindi) baridi, na mama mmoja wa chikanda halisi anayekata vipande vya franga 500. Usiku huo aliishiwa kabla mlango haujafungwa, kwa hiyo watu walimtazama mwigizaji akiuza chikanda ya uongo dakika 85 na wakatoka na njaa ya ile ya kweli. Mwambieni aongeze beseni. Na viti viwili vya plastiki vya safu ya tano, vya tatu na vya nne kutoka ukutani kushoto, vina mguu uliopasuka. Vibonyeze kwa mkono kabla ya kukaa.